Mtwara na mlango mmoja wa siasa

Katika semina ya siasa linganishi niliwapa wanafunzi wangu matokeo ya uchaguzi mkuu wa Uingereza wa Julai 2024, nikawataka wayasome kama tabibu asomavyo vipimo vya mgonjwa. Chama cha Labour kilipata asilimia 33.7 ya kura, na kwa kura hizo kikachukua viti 411 kati ya 650. Wahafidhina, waliokuwa wametawala kwa miaka 14, walibakiwa na viti 121, idadi ndogo kuliko zote katika historia yao ndefu. Katika kila wapiga kura watano walioandikishwa, wawili hawakujisumbua kwenda kituoni. Mwaka 1951 vyama hivyo viwili vilikuwa vimegawana karibu asilimia 97 ya kura zote. Mwaka 2024 havikufikisha hata asilimia 58. Waliobaki walitawanyika: Waliberali, Wakijani, vyama vya Scotland na Wales, chama cha Reform UK cha Nigel Farage, na wabunge huru 6, akiwamo Jeremy Corbyn, aliyewahi kuwa kiongozi wa Labour hiyohiyo.

Tukajadili sababu, na sababu zilikuja kwa wepesi kwa sababu si ngeni: gharama za maisha, foleni za hospitali, ahadi za kujitoa katika Umoja wa Ulaya ambazo hazikuleta kilichoahidiwa, mawaziri wakuu waliobadilishwa kama mashati. Mmoja akahitimisha kwamba Waingereza wamevikatia tamaa vyama vyao. Hapo kijana mmoja kutoka Tandahimba, ambaye kwa kawaida huzungumza mara moja kwa muhula, akanyoosha mkono. Alisema: "Mwalimu, hawa hawajakata tamaa. Wamehama. Sisi kwetu tulihama, tukamkuta tuliyemkimbia ametutangulia kufika."

Darasa lilicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nayo nyumbani sentensi hiyo, na nimekaa nayo tangu siku ile. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kwanza, kidogo kuhusu Labour na Mtwara, maana wawili hawa wanafahamiana zaidi ya wanavyodhani wanafunzi wangu. Mwaka 1947 serikali ya Labour ya Clement Attlee, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, iliamua kulima karanga Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Waziri wa Chakula, John Strachey, ndiye aliyeubeba mpango huo bungeni. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilichorwa reli, na kwa ajili ya reli ikachorwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Udongo ulikuwa mgumu, mvua hazikuja kwa ratiba ya London, na Januari 1951 mpango ukafutwa baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Wahafidhina waliitumia karanga hiyo kuwachapa Labour majukwaani kwa miaka mingi. Bandari ilikamilika katika miaka ya 1950 karanga zikiwa zimekwisha kufa. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mkoa mzima ulipangwa, ukajengwa na kuachwa kwa sababu ya siasa za vyama ambavyo hakuna mtu wa Mikindani wala Masasi aliyewahi kuulizwa kama anavitaka. Ninalitaja hili si kwa kinyongo. Ninalitaja kwa sababu mtu wa kusini anapomsikia mgeni akishuka na ramani na kusema "hapa patakuwa na bandari, pale patakuwa na viwanda", ana kumbukumbu ya kumpimia.

Basi tufike kwenye gesi.

Gesi ya Mnazi Bay, mbele ya kijiji cha Msimbati, karibu na mahali mto Ruvuma unapoingia baharini, iligunduliwa mwaka 1982. Kwa miaka mingi ililala ardhini. Ilipoanza kutumika ilizalisha umeme wa Mtwara na Lindi, na watu wakaona jambo ambalo hawakuwa wamelizoea: kitu cha kwao kinaanzia kwao. Kisha ikaja taarifa ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa mkopo wa China. Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu ya watu waliandamana mjini Mtwara. Kauli iliyobaki midomoni ni "gesi haitoki", na kwa kauli hiyo watu wa Mtwara wakaitwa wabinafsi, wakaambiwa hawaelewi maana ya taifa. Rais Jakaya Kikwete alieleza kwamba rasilimali ni ya Watanzania wote popote inapopatikana. Kama kanuni, hakuna anayeweza kuibisha. Ila aliyewasikiliza waandamanaji kwa makini aliweza kusikia hoja nyingine chini ya kelele: mitambo ijengwe hapa, viwanda vije hapa, bandari ifanye kazi hapa, kisha kinachozidi kisafiri. Haikuwa hoja ya kujitenga. Ilikuwa hoja ya watu walioungwa na nchi yao kwa daraja la kudumu juu ya Rufiji mwaka 2003 tu, na ambao kabla ya hapo walisubiri kivuko hata wakiwa na mgonjwa garini.

Januari 2013 ghasia zilizuka Masasi na maeneo mengine, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaenda Mtwara kuzungumza na watu. Mambo yakatulia kwa muda. Tarehe 22 Mei 2013, Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, aliposoma bajeti ya wizara yake bungeni na bomba likabaki pale pale, mji uliwaka. Majengo yalichomwa, barabara zikafungwa, jeshi likaingia mitaani, watu wakapoteza maisha. Bomba lilijengwa. Lilizinduliwa Oktoba 2015, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa haki niseme kwamba mwaka huohuo kiwanda kikubwa cha saruji cha Dangote nacho kilizinduliwa Mtwara, na kwamba mtambo wa kusafisha gesi upo Madimba. Hakuna anayesema hakikujengwa kitu. Swali lilikuwa ni nani aliyeamua, na aliwasikiliza akina nani.

Sasa twende kwenye kura, kwa sababu hapa ndipo watu wa nje hukosea wanapozungumzia "hasira za Mtwara" kana kwamba mawe yalikuwa lugha yao pekee. Baada ya moshi wa Mei 2013, watu wa kusini walifanya hasa kile ambacho vitabu vyetu vya sayansi ya siasa huwaagiza raia waliochukizwa wafanye. Walisubiri uchaguzi. Oktoba 2015 Mtwara Mjini ilimchagua Maftaha Nachuma wa CUF. Tandahimba ilimchagua Katani Ahmad Katani wa CUF. Ndanda ilimchagua Cecil Mwambe wa CHADEMA. Mkoani Lindi, CUF ilichukua Kilwa Kusini, Kilwa Kaskazini, Mchinga na Liwale. Kwa ukanda ambao CCM ilikuwa imezoea kuuhesabu kabla ya kura kupigwa, huu ulikuwa uhamaji mkubwa. Haukuhitaji jiwe hata moja.

Nini kilifuata? Kwanza, vyama vyenyewe. Katika uchaguzi huohuo umoja wa upinzani, UKAWA, ulimsimamisha Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu wa CCM hadi alipojiuzulu mwaka 2008 kwa sakata la Richmond, ambalo wapinzani haohao ndio waliolipigia kelele kuliko wote. Alipata karibu asilimia 40 ya kura. Machi 2019 alirejea CCM. Profesa Ibrahim Lipumba alijiuzulu uenyekiti wa CUF Agosti 2015, akarudi mwaka uliofuata kuudai, na chama kikapasuka vipande viwili vilivyoshtakiana mahakamani hadi Machi 2019, Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake walipohamia ACT-Wazalendo. Miaka mitatu mizima, mkulima wa Kilwa aliyempa CUF kura yake kwa ajili ya gesi na korosho alisikia habari za mihuri, ofisi na akaunti za ruzuku.

Kisha wabunge. Mbunge wa Liwale, Zuberi Kuchauka, alihamia CCM mwaka 2018 na kurudi bungeni kwa jimbo lilelile. Mwambe alitangaza kuhamia CCM Februari 2020. Mei mwaka huo Spika Job Ndugai akamruhusu kuendelea kuketi bungeni, na wanasheria wakabaki wanapekua Katiba. Katani naye aligombea Tandahimba mwaka 2020 kwa tiketi ya CCM, akashinda. Sitaki kumhukumu mmoja mmoja. Kila aliyehama alitoa sababu zake, na kipindi kile kilikuwa kigumu kwa mpinzani yeyote. Lakini mtazame mpiga kura. Alitoka chama kimoja kwa mguu wake, usiku na mapema, akasimama kwenye foleni. Mwakilishi wake akarudi chama kilekile kwa mkutano mmoja wa waandishi wa habari. Sasa naielewa sentensi ya kijana wangu. Hakuwa akitania.

Korosho ndiyo iliyomaliza hoja. Juni 2018, Sheria ya Fedha ilibadilisha mgawanyo wa tozo inayotozwa korosho ghafi zinazouzwa nje. Awali asilimia 65 ya tozo hiyo ilirudi kuendeleza zao lenyewe: pembejeo, salfa, miche, utafiti. Mabadiliko yaliipeleka yote Mfuko Mkuu wa Serikali. Siku chache hizo bungeni zilikuwa za kuvutia kwa mtu wa fani yangu, kwa sababu wabunge wa kusini, wa CCM na wa upinzani, walisema jambo moja. Mipaka ya vyama ilififia. Ilibaki mipaka ya mashamba. Na wakashindwa wote. Kwa mbunge wa chama tawala, nidhamu ya chama ilikuwa na uzito kuliko mikorosho ya waliomtuma. Mbunge wa upinzani alikuwa na uhuru wa kusema na uchache wa kura. Miezi michache baadaye, msimu ulipofunguliwa, bei zilizotolewa na wanunuzi zilikuwa chini mno, wakulima wakagoma kuuza. Novemba 2018 Rais John Magufuli aliwaondoa mawaziri wawili, akavunja bodi ya korosho na kuliagiza jeshi kukusanya korosho kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja. Malipo kwa wengi yalichelewa, na wale waliotuhumiwa kwa kangomba wakajikuta wanahakikiwa mashamba yao kabla ya kulipwa. Hata aliyeipenda bei ile aliona jinsi ilivyopatikana: kwa amri ya mtu mmoja, baada ya bunge zima la wawakilishi wao kushindwa.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu neno "kukata tamaa" hutumiwa kirahisi. Watumishi wa serikali hulitumia kumaanisha uvivu wa raia: hawahudhurii mikutano ya kijiji, hawajitokezi kujiandikisha, wanapenda kulalamika vijiweni. Wanaharakati hulitumia kumaanisha ukosefu wa elimu ya uraia, kisha wanaandika andiko la kuomba fedha za semina. Watu wa Mtwara niliowaeleza hapa hawakukosa elimu ya uraia. Waliitumia yote. Waliandamana, wakapiga kura, wakabadilisha chama, wakawatuma wabunge, wakagoma kuuza. Walichokosa ni mlango mwingine.

Na mlango huo haupo kwa sababu za kisheria, si za hulka. Katiba yetu, ibara ya 39 na ya 67, haimruhusu mtu kugombea urais wala ubunge bila kuwa mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Ibara ya 71 inamvua ubunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka. Unganisha vifungu hivyo na utapata picha kamili: huwezi kuingia bila chama, na ukiingia huwezi kukikaidi chama mpaka mwisho, hata kama wapiga kura wako wote wanakushangilia. Kiti ni cha chama. Mbunge ni mpangaji. Ndiyo maana mbunge wa Uingereza anayefukuzwa na chama chake hubaki bungeni na kuwangoja waliomchagua, ilhali wa kwetu hufungasha.

Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alilitazama hili mapema. Oktoba 1994 Mahakama Kuu, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilimpa haki: mgombea huru aruhusiwe. Bunge likakimbilia kubadilisha Katiba kuizima hukumu. Mahakama Kuu ikasema tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani, mwaka 2010, ikasema suala hili ni la kisiasa, liamuliwe na Bunge. Yaani vyama viamue kama vinataka kushindana na wasio na chama. Tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayoketi hapahapa Arusha, iliamua kwamba Tanzania inakiuka haki za raia wake kwa kuzuia mgombea huru. Tazama tarehe hiyo. Ni wiki tatu tu baada ya Mtwara kuwaka. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilimpa nafasi mgombea huru, kisha mchakato wa Katiba ukasimama mwaka 2015 na haujaondoka hapo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyejenga chama kimoja kwa mikono yake, aliupinga hadharani uamuzi wa kumzuia mgombea huru. Sisi tuliobaki tunayanukuu mengi aliyosema; hili huwa tunalisahau.

Takwimu za ushiriki zinasimulia sehemu ya kilichotokea. Mwaka 2005 walijitokeza asilimia 72 ya walioandikishwa. Mwaka 2010 asilimia 43. Mwaka 2015, pale watu walipodhani mlango umefunguka, asilimia 67. Mwaka 2020 asilimia 51. Baada ya hapo takwimu zinaacha kusema chochote kinachoweza kufasiriwa. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 CCM ilitangazwa kushinda takriban asilimia 99 ya nafasi za uenyekiti wa vijiji. Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 29 Oktoba 2025, CHADEMA ikiwa imezuiwa kushiriki tangu Aprili na mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, ilitangazwa kwamba asilimia 87 walijitokeza na kwamba mgombea wa CCM, Rais Samia Suluhu Hassan, alipata karibu asilimia 98. Siku hiyohiyo vijana walikuwa barabarani, intaneti ikazimwa, na watu wakauawa. Idadi yao bado inabishaniwa. Mwalimu wa siasa linganishi akiwekewa namba hizo na matukio hayo kwenye ukurasa mmoja, huweka kalamu chini.

Vijana wale wa Oktoba wengi hawakubeba bendera ya chama chochote. Waliosema wametumwa na CHADEMA na waliosema wametumwa na wageni wote walikuwa wanatafuta mwenye nyumba kwa watu wasio na nyumba. Hii ndiyo sehemu inayonitia hofu kuliko zote, na ndiyo inayonirudisha Ruvuma.

Ng'ambo ya mto, Msumbiji, mambo yamekwisha kwenda mbele. Frelimo, iliyoasisiwa Dar es Salaam mwaka 1962 na kufundisha wapiganaji wake Nachingwea, imetawala tangu uhuru. Renamo ilikuwa mpinzani wake wa kudumu, mwenye viti, magari na mazoea. Katika uchaguzi wa Oktoba 2024 watu wengi waliwapita wote wawili. Walimfuata Venâncio Mondlane, aliyegombea akiungwa mkono na chama kidogo kilichokuwa hakijulikani sana, na hata kwa hesabu rasmi Renamo ikaanguka hadi nafasi ya tatu. Matokeo yakapingwa, mitaa ikajaa, mamia wakafa. Nchini Uingereza hasira ilizaa Reform UK, ambayo Mei 2025 iliwazidi wakubwa katika chaguzi za mabaraza. Nchini Msumbiji ilizaa barabara zilizofungwa kwa matairi yanayowaka. Tofauti si ya tabia za watu. Ni ya idadi ya milango na uaminifu wa anayehesabu.

Na Cabo Delgado ipo pale pale. Tangu Oktoba 2017 vita vimekula wilaya moja baada ya nyingine, katika jimbo lenye gesi nyingi na vijana wasio na kazi. Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya uchaguzi wetu, washambuliaji walivuka Ruvuma na kuingia kijiji cha Kitaya, upande wetu. Sisemi kwamba aliyekata tamaa na CCM au CUF atashika bunduki. Hilo lingekuwa tusi kwa watu wa Mtwara, ambao wamepokea wakimbizi wa Kimakonde na Kimwani mara nyingi kuliko serikali ilivyowahesabu. Ninasema kwamba maafisa wa usalama wanaokuja kwenye warsha zetu wakiuliza kuhusu "itikadi kali" wangefanya vema kuuliza pia kijana wa Msimbati ana njia zipi halali za kumwondoa mtu asiyemtaka.

Rafiki yangu mmoja, mwanasheria, huniambia ninampamba mgombea huru. Fedha zitamnunua kirahisi zaidi, husema, kwa sababu hana chama cha kumwonea haya. Anaweza kuwa sahihi kwa kiasi. Uganda wanao tele: katika bunge lililochaguliwa mwaka 2021 wabunge huru walizidi wabunge wa chama chochote cha upinzani, na wengi wao walikuwa wana-NRM walioshindwa kura za maoni na kurudi kupitia dirishani. Kenya wanao wachache, na wengi hujiunga na upande wenye serikali kabla kiti hakijapata joto. Kwa hiyo sitarajii malaika. Ninachotarajia ni kidogo tu: kwamba mbunge wa kusini ambaye mwaka 2018 angetaka kupiga kura ya hapana juu ya tozo ya korosho angejua kwamba akifukuzwa chama bado ana njia ya kurudi kwa watu wake na kuwauliza. Hata asipoitumia, kuwapo kwa njia hiyo kungebadilisha jinsi chama kinavyozungumza naye. Vyama navyo vingepona kidogo. Chama kinachojua kwamba watu hawana pengine hakina sababu ya kuwasikiliza, na hili nalisema kwa CHADEMA na ACT kama ninavyolisema kwa CCM.

Wala tusingoje Katiba mpya kuanzia juu. Tuanze na kijiji. Ni jambo la kushangaza, ukilifikiria, kwamba mtu anayetaka kuwa mwenyekiti wa kijiji cha wilaya ya Newala, kazi ambayo sehemu yake kubwa ni mipaka ya mashamba, ukarabati wa zahanati, mbuzi walioingia kwenye mihogo na barua za utambulisho, lazima kwanza apate muhuri wa chama chenye makao makuu Dodoma au Dar es Salaam. Kisima hakina chama. Mwaka 2024 wapinzani walilalamika kwamba wagombea wao waliondolewa kwa makosa ya kujaza fomu, mengine ya herufi moja. Kama mgombea wa kijiji angehitaji tu saini za majirani mia moja wanaomfahamu tangu utotoni, sehemu kubwa ya mchezo huo ingekosa uwanja. Hili linawezekana kwa kubadilisha sheria na kanuni za uchaguzi wa serikali za mitaa. Mtumishi wa TAMISEMI anayesoma hapa anajua ni vifungu vipi.

Nirudi kwa mwanafunzi wangu. Baada ya semina nilimwita, nikamwuliza kwao wanauzaje korosho siku hizi. Akanieleza kwa furaha ya mtu aliyeulizwa anachokijua. Zamani, alisema, wanunuzi walitumbukiza bahasha kwenye sanduku, zikafunguliwa mbele ya wakulima, bei zikasomwa kwa sauti. Sasa mnada unapita kwenye mfumo wa Soko la Bidhaa, bei zinaonekana kwenye skrini. Lakini mwisho ni uleule: kiongozi wa ushirika husimama na kuwauliza waliokusanyika chini ya mwembe kama wanauza au hawauzi. Wakisema hawauzi, mnada unafungwa, magunia yanabaki ghalani, na wanunuzi wote, wakubwa kwa wadogo, wanarudi wiki inayofuata na bei nyingine.

Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama katika nchi yoyote ninayoifundisha kuna uchaguzi wa namna hiyo. Nikamwambia nitatafuta.